Kuoanisha matabaka ya miamba kwa mfuatano wa visukuku: kuanzia jabalini hadi kwenye grafu

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: "Nimepata amonaiti kwenye bonde hili, na bonde jingine kilomita 200 kutoka hapa lina amonaiti pia. Je, matabaka hayo ni ya umri mmoja?" Jibu ni kwamba bado hujui. Amonaiti, wanyama waliotoweka wenye gamba lililojiviringisha, na jamaa zao waliishi baharini kwa zaidi ya miaka milioni 300. Anayesema ameona amonaiti ni sawa na shahidi anayesema mshukiwa alikuwa na miguu miwili.

Kisukuku kimoja hakioanishi kitu. Kinachooanisha ni mpangilio: spishi gani ilianza kuonekana, ipi ikafuata, ipi ikatoweka, na kila tukio liko mita ngapi kutoka chini ya mkato. Mkato hapa ni mahali ambapo miamba imejianika wazi ukaweza kuipanda tabaka baada ya tabaka. Ukirudi nyumbani na visukuku vizuri lakini bila mita zake, umerudi na mapambo.

Nadharia inatosha hii. William Smith, mpima ardhi aliyefanya kazi kwenye mifereji ya Uingereza, aliona kwamba visukuku hufuatana kwa mpangilio ule ule kila mahali, na ramani yake ya mwaka 1815 ilijengwa juu ya hilo. Albert Oppel, kati ya 1856 na 1858, akaigawa miamba ya kipindi cha kijiolojia cha Jurasiki katika kanda zinazotambuliwa kwa spishi zilizomo, kanda zinazovuka mipaka ya aina ya mwamba. Kisha mwaka 1862 Thomas Huxley akatoa onyo ambalo bado lina meno: mpangilio kufanana hakuthibitishi kwamba matukio yalitokea siku moja. Spishi inaweza kuzaliwa sehemu moja na kuchelewa kufika kwingine. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kumkamata huyo aliyechelewa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kibali. Nchi nyingi zina sheria ya kulinda visukuku, na kuna maeneo ambako hata kugonga nyundo ni kosa. Kipate kwa maandishi kabla ya safari.
- Ramani ya jiolojia ya eneo, kubwa kadiri inavyopatikana.
- Nyundo ya jiolojia, patasi, miwani ya kinga na kofia ngumu.
- Dira yenye klinomita (kifaa cha kupima mwinamo wa matabaka), tepu ya mita 30, na fimbo ya kupimia ya mita 1.5.
- Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10.
- Mifuko imara ya sampuli, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Simu hupiga picha. Daftari ndilo kumbukumbu.
- Chekeche za maikromita 63 na 150, ikiwa utashughulikia visukuku vidogo.
- Hadubini. Ya stereo inatosha kwa foraminifera (viumbe wa seli moja wenye ganda) na konodonti (vipande vidogo kama vijino vya mnyama wa baharini mwenye mwili laini). Nanofosili za chokaa (vigamba vidogo mno vya mwani wa kuelea) zinahitaji hadubini ya mwanga wa polaraizi inayokuza mara 1000.
- Programu yoyote ya lahajedwali.

Kwa mradi wa kwanza, mikato miwili yenye matukio nane hadi kumi inatosha. Usianze na mikato sita.

Hatua ya 1: Chagua kundi la visukuku kulingana na mwamba

Wanaoanza huchagua kundi wanalolipenda, kisha huzunguka milimani wakilitafuta. Fanya kinyume chake: angalia mwamba ulio nao, ndipo uulize ni nani angeweza kuhifadhiwa humo.

Kisukuku elekezi kizuri ni cha kiumbe aliyeishi muda mfupi kijiolojia, aliyeenea mbali, aliyekuwa wengi, na anayetambulika bila ubishi. Kwa hiyo waliokuwa wakielea au kuogelea huwashinda waliokaa kwenye sakafu ya bahari, kwa sababu mkazi wa sakafu hufuata aina ya tope analolipenda.

Miamba ya tope jeusi ya vipindi vya Ordovisiani na Siluriani ni ya graptoliti, wanyama wadogo wa baharini walioishi kwa makoloni. Mawe ya chokaa kuanzia Kambriani hadi mwisho wa Triasiki ni ya konodonti. Bahari za Jurasiki na Kretasia ni za amonaiti. Kuanzia Kretasia kuja juu, foraminifera wa kuelea na nanofosili za chokaa ndio farasi wa kazi, hasa kwenye visima ambako unapata vipande vidogo tu vya mwamba. Kwenye matabaka ya nchi kavu yaliyo machanga kijiolojia utategemea meno ya mamalia. Chavua na spora zina faida ya pekee: upepo na mito huzipeleka hadi baharini, hivyo huunganisha nchi kavu na bahari katika sampuli moja.

Ukiweza, beba makundi mawili. Mkato wenye chokaa na tope kwa kupokezana unaweza kukupa konodonti na graptoliti kwa pamoja, na kundi moja huwa mkaguzi wa jingine.

Hatua ya 2: Hakikisha juu ni juu

Matabaka yanaweza kuwa yamepinduka. Ukipima mkato uliopinduka bila kujua, kila mwanzo utakuwa mwisho na kila mwisho utakuwa mwanzo, na jedwali lako litaonekana safi kabisa huku likiwa kichwa chini miguu juu.

Tafuta alama angalau mbili za aina tofauti. Tabaka ambalo chembe zake ni kubwa chini na huwa ndogo kuelekea juu. Nyufa za tope lililokauka, ambazo huwa pana juu na nyembamba chini. Mistari ya mchanga iliyopinda ambayo juu yake imekatwa na tabaka linalofuata. Mashimo ya wanyama yanayoshuka kutoka kwenye uso wa tabaka. Alama moja inaweza kukudanganya. Mbili zinazokubaliana zinatosha kuendelea.

Kagua pia mipasuko. Ukiona matabaka yamekatika ghafla, au kuna ukanda wa mwamba uliosagika, weka alama kwenye daftari na usiunganishe sehemu hizo mbili kana kwamba ni mfululizo mmoja.

Hatua ya 3: Pima unene halisi

Umbali unaotembea juu ya ardhi siyo unene wa matabaka. Kama ardhi ni tambarare na unatembea kuelekea upande matabaka yanakozama, unene ni umbali mara saini (sine, sin) ya pembe ya mwinamo. Kwa mfano, ukitembea mita 40 na mwinamo ni digrii 30, unene ni 40 × 0.5, yaani mita 20. Anayesahau hili huongeza unene maradufu, kisha hushangaa kwa nini mkato wake haulingani na wa jirani.

Mlimani fimbo ya kupimia ni rahisi zaidi. Funga klinomita juu ya fimbo, ilaze kwa pembe ya mwinamo, tazama kupitia klinomita hadi uone sehemu inayolingana kwenye mteremko, sogea hapo. Kila hatua ni mita 1.5 za unene halisi. Pima mwinamo upya kila mara unapoona umebadilika.

Sifuri ya mkato iwe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona: uso wa tabaka gumu la mchanga au la jivu la volkano. "Karibu na mti mkubwa" siyo sifuri. Andika majira ya GPS na upige picha yenye fimbo ndani yake.

Hatua ya 4: Chukua sampuli kwa nafasi unazozijua

Anza na nafasi sawa, tuseme kila mita 2, kisha ongeza sampuli pale mwamba unapobadilika. Karibu na mahali unapotarajia mpaka, punguza nafasi hadi sentimita 20 au chini ya hapo.

Nafasi kati ya sampuli ndiyo usahihi wako. Ukichukua sampuli kila mita 10, na spishi iko kwenye mita 30 lakini haipo kwenye mita 20, mwanzo wake uko popote kati ya 20 na 30. Hakuna grafu wala programu itakayokurudishia mita hizo baadaye.

Chukua pia sampuli zinazoonekana hazina kitu, na uandike "hakuna". Kutokuwepo kwa spishi kuna maana pale tu ulipoitafuta.

Kuhusu kiasi: kwa konodonti chukua kilo 2 hadi 4 za chokaa kwa kila sampuli. Kwa foraminifera gramu 100 hadi 200 za mwamba laini zinatosha. Kwa nanofosili, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kinazidi mahitaji.

Lebo huandikwa mara mbili, moja juu ya mfuko na moja ndani yake kwenye karatasi iliyofungwa plastiki. Mfano: *K1-23.40*, yaani mkato wa kwanza, mita 23.40. Tumia mita halisi badala ya namba za mfululizo. Anayeandika "sampuli ya 14" hulazimika kufungua daftari kila mara, na siku daftari likipotea sampuli zote 14 hugeuka kokoto.

Toa kisukuku ndani ya mwamba. Kilicholala chini ya jabali kinaweza kuwa kimeporomoka kutoka mita yoyote juu yake. Kiokote ukipenda, lakini kiandike "kilichoanguka", na kisiingie kwenye jedwali.

Hatua ya 5: Andaa visukuku vidogo

*Foraminifera.* Kausha sampuli kwa joto lisilozidi nyuzi 50, iloweke kwenye maji. Kama hailegei, ongeza haidrojeni peroksaidi kidogo iliyozimuliwa. Osha juu ya chekeche ya maikromita 63 kwa maji yanayotiririka taratibu hadi maji yatoke safi, kausha, kisha pitisha kwenye chekeche ya 150. Anza kutazama wale wakubwa. Ukitaka kuhesabu uwiano wa spishi, hesabu vipande 300 hivi.

Kati ya sampuli moja na inayofuata, osha chekeche na uichovye kwenye rangi ya methilini buluu. Foraminifera aliyenasa kutoka sampuli iliyopita atageuka bluu, na ukimwona kwenye sampuli mpya utajua ni mgeni. Ni hila ndogo ya gharama ndogo, na wanaoipuuza ndio wanaogundua spishi zilizofufuka.

*Konodonti.* Ponda chokaa vipande vya sentimita 2 hadi 5, viweke kwenye ndoo ya plastiki, na ujaze asidi ya asetiki ya takriban asilimia 10. Unapozimua, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Fanya kazi penye mfumo wa kutoa hewa, ukiwa na glavu na miwani. Baada ya siku kadhaa badilisha asidi, lakini bakiza sehemu ya kioevu cha zamani, kwa sababu kalisi asetati iliyomo huzuia asidi isiwale konodonti wenyewe. Usitumie asidi ya haidrokloriki. Itayeyusha chokaa kwa kasi ya kupendeza, pamoja na konodonti wako wote.

Mabaki huoshwa kwenye chekeche ya 63. Kama ni mengi mno, tenganisha kwa kimiminika kizito cha sodiamu politangsteti chenye msongamano wa takriban gramu 2.8 kwa sentimita moja ya ujazo: konodonti huzama, kwatzi huelea.

*Nanofosili.* Kwangua unga kidogo kwa kijiti cha meno, uchanganye na tone la maji juu ya kioo, usambaze uwe mwembamba, ukaushe, ufunike. Dakika kumi kazi imekwisha. Usitumie maji yenye asidi hata kidogo, maana vigamba hivi ni chokaa tupu. Badilisha kijiti kwa kila sampuli.

*Chavua na spora.* Utayarishaji wake wa kawaida hutumia asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kuua. Peleka sampuli kwenye maabara yenye mafunzo na vifaa vyake. Hili halina njia ya mkato.

Hatua ya 6: Toa majina kwa uaminifu

Tambua hadi pale ushahidi unapofika. Kipande kilichovunjika kikiruhusu jenasi tu, andika jenasi na "sp." Ukidhani ni spishi fulani lakini huna hakika, andika "cf." mbele ya jina la spishi, na usikitumie kwenye grafu ya kwanza. Spishi moja iliyopewa majina mawili na watu wawili katika mikato miwili huzaa tofauti isiyokuwepo. Kwa hiyo, ikiwezekana, mtu mmoja aitazame mikato yote miwili kwa hadubini moja, picha zikiwa mezani.

Kwenye hatua hii hii wachuje wahamiaji: visukuku vilivyong'olewa kutoka mwamba mzee na kuzikwa upya kwenye mwamba mchanga zaidi. Dalili zake ni kingo zilizosagika, rangi tofauti na wenzake, na tope la ndani lisilofanana na tope la nje. Konodonti hukurahisishia: kadiri mwamba ulivyopashwa joto ardhini, ndivyo rangi yao inavyotoka njano iliyofifia kwenda hudhurungi hadi nyeusi. Ukikuta weusi watatu kati ya njano hamsini, hao watatu huenda walipikwa kwingine.

Hatua ya 7: Jaza jedwali la matukio

Kwa kila spishi andika namba mbili: mita ya chini kabisa ilipoonekana (mwanzo) na mita ya juu kabisa (mwisho). Pembeni andika pia mita ya sampuli inayofuata ambamo haikuonekana. Huo ndio upana wa shaka yako.

Mwisho ulioandika karibu kila mara uko chini ya mwisho halisi, kwa sababu ni bahati kubwa kumpata mnyama wa mwisho kabisa. Philip Signor na Jere Lipps walilieleza hili mwaka 1982: hata viumbe wote wakifa siku moja, visukuku vitaonyesha wakitoweka mmoja mmoja, wale adimu kwanza. Basi spishi adimu zipe uzito mdogo, na zile zinazojaa kila sampuli uzito mkubwa.

Kwenye kisima cha kuchimba, geuza kipaumbele. Vipande kutoka kuta za juu huporomoka na kuchanganyika na vya chini, hivyo mwanzo wa spishi utaonekana chini kuliko ulivyo. Tegemea mwisho, yaani mara ya kwanza unapokutana na spishi ukishuka.

Hatua ya 8: Chora grafu

Njia hii aliieleza Alan Shaw mwaka 1964, na bado ni bora kwa anayeanza kwa sababu makosa huonekana kwa macho. Mkato A uko kwenye mhimili wa mlalo, mkato B kwenye mhimili wa wima. Kila tukio linalopatikana kwenye mikato yote miwili ni nukta moja. Tumia duara kwa mwanzo na alama ya kuzidisha kwa mwisho.

Chukua mfano huu wa mazoezi, wenye sampuli kila mita 1 (herufi P hadi U ni spishi, namba ni mita za kila mkato):

- Mwanzo wa P: A 6, B 7
- Mwanzo wa U: A 10, B 16
- Mwanzo wa Q: A 14, B 11
- Mwisho wa P: A 20, B 14
- Mwanzo wa R: A 26, B 17
- Mwanzo wa T: A 30, B 17
- Mwisho wa Q: A 34, B 17
- Mwanzo wa S: A 40, B 18
- Mwisho wa R: A 46, B 21
- Mwisho wa S: A 54, B 25

Zichore, usizisome tu. Nukta za P, Q na R za mwanzo zinakaa kwenye mstari mmoja: kila mita 2 za A ni mita 1 ya B. Mashapo yalirundikana A kwa kasi maradufu. Halafu mstari unalala: matukio matatu yaliyotapakaa A kuanzia mita 26 hadi 34 yamebanana yote B kwenye mita 17. Kisha unapanda tena kwa mwelekeo ule ule. Ukiurefusha mstari wa juu kurudi chini hadi mita 17 ya B, unakutana na mita 38 ya A.

Maana yake, mita 12 za mkato A, kuanzia 26 hadi 38, hazipo B. Ama zilimomonyolewa, ama hazikutuama kabisa. Rudi jabalini kwenye mita 17 ya B ukaangalie: uso uliolika, vidonge vya fosfeti, mashimo yaliyotobolewa kwenye mwamba uliokwisha kuwa mgumu. Grafu imekuambia mahali pa kuchimba. Uthibitisho uko kwenye mwamba.

Sasa mtazame U. Mstari unadai aanze kwenye mita 9 ya B, lakini ameonekana mita 16. Huyu ndiye mchelewaji wa Huxley. Mwache nje ya mstari, usiuvute mstari umfuate. Angalia mwamba wa B kati ya mita 9 na 16: kama ni mchanga wa ufukweni na U ni mkazi wa tope, umepata sababu.

Mstari ukishakaa, kuoanisha ni hesabu ndogo. Mita 16 ya A ni mita 12 ya B. Mita 50 ya A ni mita 23 ya B. Andika jibu pamoja na shaka yake: "kati ya mita 22 na 24".

Mstari upite kwenye matukio unayoyaamini zaidi, hata kama kanuni ya takwimu ingeupitisha katikati ya nukta zote. Programu ya bure ya PAST inaweza kushughulikia mikato mingi kwa pamoja, lakini usiifungue kabla hujachora angalau grafu moja kwa mkono.

Hatua ya 9: Funga mkato wako kwenye kipimo cha dunia

Ukiwa na mikato iliyooana, linganisha matukio yako na mipaka rasmi ya vipindi vya kijiolojia. Soma kwa makini mpaka umewekwa juu ya nini hasa. Mpaka wa Permiani na Triasiki uliwekwa mwaka 2001 huko Meishan, China, pale konodonti *Hindeodus parvus* anapoonekana kwanza, kwenye kitako cha tabaka la 27c. Pigo kubwa la maangamizi ya viumbe liko chini kidogo ya hapo, kwenye tabaka la 25. Anayeweka mpaka pale viumbe wanapotoweka amekosea, japo kwa kidogo. Mpaka wa Eosini na Oligosini, huko Massignano, Italia, umewekwa kwa kutoweka kwa foraminifera wa jenasi *Hantkenina*, kwa hiyo hapo unatafuta mwisho, na tahadhari ya Signor na Lipps inakuhusu moja kwa moja.

Hatua ya 10: Tafuta shahidi asiye kisukuku

Tabaka la jivu la volkano, mgeuko wa usumaku wa dunia, au badiliko la isotopu za kaboni. Mashahidi hawa hawajali mazingira aliyopenda mnyama. Lakini usidhani namba ya maabara daima humshinda kisukuku. Huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, jivu liitwalo KBS lilipewa kwanza umri wa takriban miaka milioni 2.6. Meno ya nguruwe yalikataa: magego yao ya tatu, ambayo katika koo kadhaa hurefuka kadiri miaka inavyopita, yalifanana na ya matabaka ya bonde la Omo, Ethiopia, yenye umri wa karibu miaka milioni 2. Vipimo vilirudiwa, na jivu likatulia kwenye miaka milioni 1.9 hivi. Nguruwe walikuwa sahihi. Pande mbili zikipingana, pima upya zote.

Mambo yakikwama

*Mfuatano unajirudia: P, Q, R, kisha P, Q, R tena.* Viumbe waliotoweka hawarudi. Una mkunjo au mpasuko. Charles Lapworth alionyesha mwaka 1878, kwa graptoliti wa kusini mwa Scotland, kwamba miamba iliyodhaniwa kuwa rundo nene mno ni mfululizo mwembamba uliokunjwa na kurudiwa mara nyingi. Mpangilio ukirudi kinyume (P, Q, R, kisha R, Q, P), ni mkunjo. Ukirudi vile vile, shuku mpasuko.

*Nukta zimetapakaa bila mstari.* Kagua utambuzi wa spishi kwanza, kisha lebo, kisha unene. Mara nyingi kosa ni la majina. Ondoa spishi zenye "cf." na zile zilizopatikana kwenye sampuli moja tu, uchore upya.

*Mwanzo wa spishi nyingi uko kwenye mita moja.* Kuna uwezekano wa aina tatu: pengo, tabaka lililorundikana polepole mno, au mazingira yalibadilika hapo na kila mtu akaingia mlango ukifunguliwa. Aina ya mwamba ikibadilika kwenye mita hiyo hiyo, shuku mazingira kabla ya kutangaza pengo.

*Sampuli zote hazina kitu.* Mchanga wenye chembe kubwa na miamba iliyopashwa joto sana haitoi. Jaribu vidonge vigumu vya chokaa ndani ya tope. Viliganda mapema, na visukuku vya ndani mara nyingi havijabanwa.

*Mikato haina spishi hata moja ya pamoja.* Huenda ilikuwa bahari mbili zenye viumbe tofauti, kama amonaiti wa bahari za kaskazini na wale wa bahari ya joto ya Tethys mwishoni mwa Jurasiki, ambao kanda zao hazilingani moja kwa moja. Tafuta mkato wa tatu, wa mpakani, ambako makundi yote mawili yalichanganyika. Oanisha A na huo wa kati, kisha wa kati na B, ukijumlisha shaka za hatua zote mbili. Usipoupata, badilisha kundi uende kwa chavua au nanofosili. Hizo nazo zikikosekana, rudi kwenye jivu la volkano na usumaku, na kwenye safu ya visukuku ya ripoti yako andika "haijaoanishwa".